Mbuzi Aliyekatwa Pafu

Mjukuu wangu Neema,

Nakusalimu kwa jina la Yesu kutoka hapa Buffalo. Theluji imeanza, na babu yako bado anaimba kwaya. Shangazi yako wa Columbus amepanda basi kwenda huko Louisville akae nawe hospitalini wakati wa upasuaji wako wa pafu.

Umeniuliza kama pafu likikatwa hukua tena. Nitakuambia nilichokiona.

Nikiwa msichana katika kambi ya wakimbizi Tanzania, ng'ombe alimchoma pembe mbuzi wetu mdogo. Daktari wa mifugo akasema kipande cha pafu kimeharibika, lazima akitoe. Mimi ndiye niliyemshika mbuzi kichwa.

"Atapumua na nini?" nikauliza.

"Na kilichobaki," akajibu bila kunitazama.

Wiki nzima mbuzi alihema kwa shida, nami niliogopa kila alipofumba macho. Kisha akasimama, akala.

Alipochinjwa mwaka uliofuata, daktari alikuja kumtazama kifuani. Akaniita, "Njoo uone." Pafu lililobaki lilikuwa limekua, limejaza nafasi yote.

"Angekuwa mzee, lisingekua hivi," akasema.

Wewe si mbuzi, Neema, na sijui mwili wako utafanyaje. Ila una miaka kumi na mitatu tu, na hilo ndilo ninalolishikilia.

Ninaogopa. Nawe ogopa tu, si dhambi. Ukizinduka baada ya upasuaji, usihangaike kuongea. Mwambie shangazi aweke simu karibu na mdomo wako, nisikie unavyopumua.

Bibi yako,
Sabina