Kaburi Nililolizunguka

Kilembwe, Fizi

Mama yangu mpendwa,

Nakusalimu kwa jina la Mungu aliyetuweka hai, wewe ng'ambo ile ya ziwa na mimi huku milimani. Najua ni Faida anayekusomea. Faida mdogo wangu, soma polepole, usiruke maneno, na usianze kulia kabla Mama hajalia.

Mama, magoti yanasemaje? Ile dawa ya kuchua bado unayo, au umeigawia majirani wote wa kambi kama kawaida yako? Mimi niko mzima kabisa. Waliokuambia nimekonda huku machimboni, waambie waje wanione wenyewe, ndipo watakapojua uongo una aibu. Barua hii nampa mama mmoja muuza ndagala anayepandia boti Kazimia. Ameapa atakuwekea mkononi. Ningepiga simu, lakini mtandao wa huku hukata mtu akifika tu penye maana.

Uliniuliza neno moja: kiwanja chetu kipo au hakipo, ujiandikishe kurudi au ukae. Nitakujibu. Ila utanivumilia nianzie mbali, unanijua nilivyo.

Mvua imejaza mashimo ya dhahabu maji, kazi imesimama. Nikasema, badala ya kukaa bure nicheze karata, nichukue detekta yangu mpya ya kutafutia chuma ardhini nirudi kwenye sehemu zote nilizotafuta miaka ile, watu walipokuwa wanarudi kutoka ukimbizini na kuniita niwatafutie vyombo walivyofukia wakikimbia. Si unakumbuka? Kila nyumba ilikuwa imefukia kitu: sufuria, majembe, mabati, hata kengele. Detekta yangu ya kwanza ilikuwa inalia kwa kila msumari na kila jiwe jekundu, na mimi mwenyewe, sema kweli, nilikuwa napitisha kama mtu anayefagia uwanja wageni wamekwisha fika. Hii mpya inasikia chini sana. Na sikio langu, Mama, sijisifu, ila hapa Kilembwe hakuna la kulishinda.

Nilianzia kwenye shule moja ya Fizi. Zamani niliwaambia walimu kwamba rimu ya lori waliyokuwa wanagonga badala ya kengele haipo, imeibwa. Kumbe nilichoka tu nikaacha kona moja! Imelala pale pale, hatua nne kutoka nilipoishia. Direkteri wa shule akaiona, akanigeukia.

"We Wilondja," akasema, "miaka yote hii batoto banaitwa na firimbi sababu yako?"

"Direkteri, unisamehe. Sikio lilikuwa bado bichi."

Alicheka mpaka akashika ukuta. Sasa rimu inalia asubuhi, na mimi nilitoka pale kichwa juu. Nikajiambia, kama niliacha rimu ya lori, niliacha nini kwetu?

Kwetu nilitafuta mara moja, unajua. Nilikuletea habari ya jembe lililovunjika na misumari, basi. Ukasema, "Nilijua. Baba yako hakubaki kuficha vyombo. Alibaki kwa ajili ya baiskeli yake." Siku ile ya kukimbia Papa alituambia tutangulie ziwani, yeye afiche vyombo kwanza, angetukuta kesho yake. Tulimngoja siku mbili, mtumbwi ukaondoka, na mpaka leo hatukumwona, si mzima si maiti. Hasira ile umeibeba tangu hapo. Sikulaumu, Mama. Hata mimi niliibeba kidogo.

Basi nimefika kijijini, nimekuta kiwanja chote ni muhogo, muhogo wa Mzee Etabo, yule jirani wetu wa upande wa mto. Alinipokea vizuri sana. Akanipa kiti, akanipa ugali wetu wa bukari na samaki, akangoja nishibe. Ndipo akasema:

"Mutoto wangu, mi nilikuheshimu, na we uniheshimu. Hii parseli ni ya kwetu. Kaburi ya babu yangu iko pale. Nani anaweza kuzika muntu wake kwa uwanja wa wenyewe?"

Na kaburi kweli lipo, Mama, nyuma ya pale jikoni kwetu palipokuwa: tuta la mawe, refu kama mtu. Wewe hukuwahi kulitaja, na mimi nilikuwa mdogo sana siku tulipoondoka, nisingekumbuka. Ile mara ya kwanza niliona tu kaburi, nikalizunguka. Sisi wa detekta tuna sheria yetu: juu ya kaburi chombo hakipiti. Ukipitisha, kesho hakuna atakayekuita kwake. Safari hii pia nililizunguka kwa heshima zote. Lakini hii mpya inasikia hata ubavuni. Nilipofika upande wa miguu, ikalia. Si kilio cha msumari, kile kifupi cha kukwaruza. Ililia kwa sauti nene, ikakaa. Nikarudi nyuma, nikapita tena. Ikalia tena.

Nilizima detekta. Nilikwenda kwa kapita, mkuu wa kijiji, nikamwambia shauri la kiwanja nataka liamuliwe mbele ya watu. Kesho yake tukajaa pale, bamama na vikapu vyao, wazee na viti vyao. Kapita ni mtu mpole, lakini akianza kuuliza anauliza.

"Muzee Etabo, babu yako balimuzika na nini?"

"Na mukeka, kama bazee bote."

"Hakuna sanduku?"

"Sanduku! Wakati ile nani alikuwa na mbao ya kufukia?"

"Bangili? Kisu? Hata jembe kwa kichwa?"

"Hapana. Alienda mikono mitupu vile alikuja."

Watu wakaitikia, maana alisema vizuri. Ndipo nikasimama mimi.

"Kapita, mi sitachimba. Naomba hawa wazee waniruhusu nipitishe detekta juu mara moja. Ikinyamaza, parseli ni ya Mzee Etabo, na palizi la kwanza nitalima mimi."

Kapita akanitolea macho. "We! Hiyo ni kiwanja ya mama yako. Usicheze nayo."

"Sichezi." Wazee wakaniruhusu.

Nisamehe, Mama. Niliweka kiwanja chako rehani bila kukuuliza, na ungekuwepo ungenivuta sikio hilo hilo ninalojisifia. Sauti niliyoisikia jana yake ilikuwa ya ubavuni tu. Pengine ilitoka kwenye kipande cha bati kilichozama kando. Nilikuwa nimesema kwa kinywa kipana, lakini nilipowasha kile chombo nilimwomba Mungu kimoyomoyo.

Nilipitisha kutoka kichwani kwenda miguuni. Kichwani kimya. Kifuani kimya. Nikasikia mtu nyuma yangu anaanza kuguna. Nilipofika katikati, ikapiga kelele mpaka mbwa akakimbia! Mama mmoja akashika kichwa: "Yo! Babu alienda na jiko yake!" Kijiji kizima kikaangua kicheko.

Kapita hakucheka. Alisema tu, "Njia ya mwongo ni fupi," akamgeukia Mzee Etabo. Na yule mzee, sitaki umtukane, Mama, nisikilize kwanza. Aliinuka, akasema:

"Mi nilitoka kujificha pori, nikakuta kaburi, nikakuta hakuna muntu. Parseli yenye haina kaburi haina mwenyewe. Nikasema itakuwa ya kwetu, mbele ya muntu mwingine kusema ni yake. Sikujua ndani iko nini."

Kisha akachukua jembe, akaanza kuondoa mawe yeye mwenyewe, taratibu, kama kungekuwa na mtu chini. Tulishuka kiasi cha kiuno. Cha kwanza kutokea ni tako la sufuria, imefunikwa kichwa chini. Ile kubwa uliyokuwa unaazimisha watu kwenye harusi. Pembeni, ile ndogo na pasi ya makaa. Na chini ya ile kubwa, kichwa cha cherehani yako, kimefungwa ndani ya nguo nyeusi iliyolowa mawese mpaka ikawa ngumu kama ngozi.

Ni koti la ndoa la Papa, Mama. Mkono mmoja umeliwa, lakini vifungo vipo, na kile cha chini ni cha rangi nyingine, kile ulichomshonea wewe cha kwanza kilipopotea. Nililia, mbele ya watu wote, na sikuona haya.

Papa ndiye aliyejenga lile kaburi. Ndiyo kazi iliyomchelewesha. Waporaji walichimba jikoni, walichimba chini ya vitanda, lakini nani angefukua kaburi kutafuta sufuria? Walipita. Hata mimi mtoto wake nilipita. Na baiskeli haimo. Nimetafuta mpaka udongo mgumu: hakuna kitu chake hata kimoja isipokuwa hilo koti. Vyote vilikuwa vyako. Cherehani niliitia mafuta ya taa siku mbili, na sasa gurudumu linazunguka.

Jibu lako ni hili: kiwanja kipo. Jiandikishe. Kapita ameamua mbele ya watu na ameandika karatasi, ninayo mimi. Mzee Etabo nimemwachia avune muhogo wake kwanza, maana jasho ni lake, kisha anaondoka. Nyumba naanza kuweka msingi mvua ikipungua. Usiniambie sitaweza, nitaweza.

Msalimie mjomba fundi viatu, umwambie sikumsahau. Msalimie bibi mzaa Papa, na habari ya koti umwambie wewe mwenyewe, kwa mdomo wako, akiwa ameketi. Msalimie shemeji, mume wa Faida, na mama jirani anayekuchotea maji, Mungu ampe nguvu.

Limebaki moja. Shimo bado liko wazi. Nilitaka kulifukia siku ile ile, Mzee Etabo akanishika mkono. "Acha," akasema. "Muntu alichimba kaburi na mikono yake, halafu akakosa kulala ndani." Wazee wamekubaliana naye. Wamesema koti linaweza kulala mahali pa mwili, ila mke wake awepo. Nimelifunika shimo kwa mabati mvua isiingie. Njoo, Mama, tumzike Papa.

Mwanao akupendaye,
Wilondja