Mizani ya Sukari Guru

Mpendwa Baba Salima,

Nakusalimu mume wangu, najua huitikii. Nina neno nimelimeza miezi minane sasa na linanikaba roho.

Unakumbuka siku uliyoingia na zile pistoni mbili ulizomfulia tajiri kwa mashua yake ya moshi? Nilikuwa nimetoka kufagia, ukanimwagia masizi. Nikakufokea, "Wee baba, hapa nyumbani au kiwandani?" Ukacheka. Ukaziweka kwenye mizani yangu ya sukari guru, kila moja kitanga chake, ukanieleza: zinapanda na kushuka ndani ya injini, na moja ikizidi uzito, injini hutetemeka mpaka mkono wa chuma unaozishika ukatike. Nyepesi haiongezwi kitu. Nzito ndiyo hupigwa tupa kwa ndani, kidogo kidogo.

Moto wa uhunzi ulikuwa umekula macho yako, ulimi wa mizani huuoni. Ukaniomba nikutazamie. "Mama Salima, iwe sawa kweli. Si sawa ya dukani."

Ukapiga tupa, tukapima, ukapiga tena, tukapima, hata wali wangu ukaungulia jikoni. Mara ya mwisho ulimi uliinamia kulia, unene wa unywele tu. Nami tangu utoto mama alinifunza kuwa mizani ya mtu mwema huinama kidogo, mnunuzi aondoke na baraka. Jicho langu likaona ndiyo haki. Nikasema, "Sawa." Ukauliza tena, "Sawa?" Nikaudhika. "Nimeshasema sawa, bwana! Njoo ule."

Ukazifunga kwenye injini, ukapanda mashua mwenyewe, kuilea injini yako. Safari ya tatu, kabla ya kufika Saadani, mkono ule ukakatika na mvuke ukakumwagikia. Walikurudisha umelazwa juu ya majani ya mgomba, ngozi haikushikika. Siku mbili uliteseka, na swali lako lilikuwa moja. "Zilikuwa sawa?"

Nikakujibu, "Zilikuwa sawa."

"Basi nilifua chuma kibovu," ukasema. Ukafa na hilo moyoni, na mimi nimekaa kitandani pako, nakupepea tu. Mungu anisamehe, maana mimi sijisamehe.

Na mji umelishika neno lako, waliokuja kukuuguza walilisikia. Mdogo wako akiwasha moto kiwandani hapati hata jembe la kunoa, wanamwambia, "Chuma cha kwenu kinaua." Shemeji maskini anainamisha kichwa. Ananifariji mimi! Ananiambia ni kudura.

Juzi nikamwomba zile pistoni, zilirudi nawe zimefungwa guniani. Nikaziosha kwa jivu, nikazikausha, nikaziweka mizanini. Ulimi ukainamia kulia, unywele ule ule. Nikazibadilisha vitanga, ukainamia kushoto: mizani haina kosa, pistoni ndiyo nzito. Nikalia mpaka jirani akagonga mlango.

Kesho Ijumaa, watu wakitoka msikitini, nitaitundika mizani hii mlangoni na pistoni zako juu yake, waone kwa macho yao. Nitawaambia nani alisema sawa. Wakitaka wasinunue tena kwangu, wasinunue. Salima nimeshamwambia, amehamia kwa shangazi yake, hataki kuniona.

Lakini kabla ya wao kusikia, usikie wewe. Uliniuliza, mume wangu. Hazikuwa sawa.

Mkeo,
Mama Salima