Mfarishi Uliowekwa Juu ya Kabati

Malukhu, Mbale
Jumanne

Mama yangu,

Shikamoo. Najua utaitikia huku umenuna, lakini itikia hivyo hivyo. Mgongo unaendeleaje? Na miguu, bado inavimba ukisimama sana jikoni? Mjukuu wako ananyonya vizuri? Na mama yake Rehema, mdogo wangu, anakula, au bado anaonja onja tu kama ndege? Sisi huku hatujambo. Mkwe wako Hamidu mzima, ila kikohozi cha vumbi hakijamwacha. Mimi afya ninayo. Hasira ninayo zaidi, na ndiyo iliyonikalisha chini niandike.

Mama, nimekupigia simu mara saba. Ukipokea unasema, "Salama, ngoja nikupe Rehema," halafu nasikia kandambili zako zinaelekea uani. Mara saba! Ndiyo maana nimeamua barua. Hii najua huwezi kumpa mtu kabla hujajua ndani mna nini, maana nakujua ulivyo.

Nataka tuzungumze habari ya ule mfarishi. Nisikilize mpaka mwisho, kisha unikasirikie ukitaka.

Unaukumbuka wa kwanza, niliomshonea mtoto wa kaka Bakari? Mimi ushonaji wa mifarishi sikufundishwa na mtu. Dukani kwetu tunashona magauni, sare za shule na suruali. Kuunga vipande, kutia pamba katikati, kuweka bitana chini, yote nimejifunza kwa kutazama video kwenye simu, mama mmoja wa Kizungu anaongea maneno nisiyoyaelewa, mimi natazama mikono yake tu. Sasa mikono haikuniambia kwamba pamba lazima uipitishie mishono juu mpaka chini, la sivyo inahama. Mkaufua mara moja, pamba yote ikakimbilia pembe moja. Mtoto akawa amejifunika shuka tupu, na miguuni ana gunia la vitunguu. Nawe ukanipigia mwenyewe ukasema, "Mwanangu, una joto huo!"

Wa pili ukawa wa mjukuu wa shangazi. Mishono nilipitisha sawasawa, ila kitenge chekundu sikukifua kabla ya kukata. Mtoto akakojoa, akaamka mgongo mwekundu kuanzia shingo mpaka matako, mkamkimbiza zahanati mkidhani ni damu. Mlicheka wiki nzima. Hata huo mliupokea kwa vigelegele, na shangazi mpaka leo anautandika wageni wakija.

Haya. Huu wa tatu ndio mzuri. Nasema mwenyewe, sioni haya. Vipande vyote nilivifua kwa maji ya chumvi mpaka maji yakatoka meupe. Kila kipande nimekipima kwa karatasi ngumu, kila pembe imekutana na mwenzake, na pale zilipopishana hata kidogo, nilifumua. Katikati kabisa nimeweka kipande cha kikoi cha marehemu baba, kile ulichonipa nilipokuwa naolewa. Jirani yangu hapa, Mama Nambozo, alikuwa anapita mlangoni kwangu kila jioni akitikisa kichwa. Kiswahili chake ni cha huku, unajua, wao wanakiona cha wanajeshi, mimi mwenyewe wananiita afande sokoni. Akaniambia, "Afande, wewe nashona, nafumua, nashona, nafumua. Mutoto tazaliwa, taolewa, wewe bado iko hapo na sindano." Nikamjibu akaolewe salama, mimi nitakuwa nimemaliza. Na umeme ukikatika nilikuwa nasogeza kiti mlangoni naendelea kwa mkono.

Ilibaki bitana. Hiyo nilikataa kuinunua mpaka mtoto azaliwe, kwa sababu mwenyewe ulinikataza nisimkamilishie mtoto kitu akiwa bado tumboni, baada ya yale yaliyotupata. Nilikutii, mama, naomba hilo ulikumbuke. Rehema alipojifungua salama, siku ya nne nikawa Jinja, tajiri wangu amenituma kuchukua vitambaa. Nikaingia duka moja la mzee wa Kihindi, Mwislamu, Kiswahili chake kizuri kuliko changu. Nilifurahi, nikaongea mpaka nikasahau safari. Nikamwomba bafta nyeupe, ile laini.

Akaniuliza, "Ya mtu mzima au ya mtoto?"

Nikasema ya mtoto, tena mchanga, ana siku nne tu.

Mzee akaweka mkasi mezani. Kisha akauchukua tena, akakata polepole, akaikunja vizuri, akaifunga kwenye karatasi badala ya mfuko. Nilipotoa pesa akausukuma mkono wangu. "Nenda, mwanangu," akasema, akainuka na magoti yake mabovu, akanisindikiza mpaka mlangoni. Mimi mjinga nikatoka nimejaa furaha! Nimefika Mbale namsimulia Hamidu kwamba Jinja bado kuna watu wakarimu.

Nikaishona, mzigo ukaja kwenu. Nikasubiri vigelegele. Siku ya kwanza kimya, ya pili kimya. Siku ya tatu Rehema akanipigia, mimi niko dukani napiga pasi, anaongea kwa kunong'ona kama mwizi. Akasema, "Dada, mama aliufungua, akausifu, akamwonyesha jirani kikoi cha baba. Halafu akaugeuza. Akakaa chini sakafuni. Ameukunja ameuweka juu ya kabati, kasema nisiuguse. Dada, upande wa chini si bafta?"

Nikamjibu kwa ukali, Mungu anisamehe. Nikamwambia ndiyo, ni bafta, kuna nini? Hapa dukani bafta ni kitambaa cha mifuko ya suruali, naikata tangu asubuhi hadi jioni, ni laini, haitoi rangi, haimwashi mtoto. Nikamwambia nimekesha macho kwa kazi hii, na ninyi mnanitafutia kasoro.

Nikasikia Rehema akifunga mlango. Kisha akasema, "Dada, ndiyo waliyomfungia Salim."

Kitenge cha mteja kiliungua chini ya pasi, nikasikia harufu wala sikuinua mkono.

Mama, wallahi sikuikumbuka. Niseme nini tena? Mtu aliyezaliwa Tanga, aliyewahi kuona majeneza yakipita mbele ya nyumba yetu, ameshona sanda upande wa chini wa mfarishi wa mtoto, akaituma kwa mdogo wake aliyemzika mwanawe wa kwanza mwaka jana akiwa na siku sita. Ukimsimulia mtu atasema ni kichaa au ni mchawi. Shangazi nasikia ameshasema la pili. Mwambie simlaumu, ila mfarishi wangu wa rangi nyekundu anirudishie.

Lakini hapa ndipo hasira yangu ilipo, na nitaisema, maana nikiimeza itanichoma. Ninyi nyote mliiona bafta juu ya Salim. Wewe uliishika, Rehema aliiona ikitoka mlangoni. Mimi sikuwepo. Mlinipigia mchana, mkanizikia alasiri, na mpaka napata basi la kunitoa hapa ningekuta mmeshaanua matanga. Ukaniambia, "Usijisumbue, mwanangu, yameisha." Kwangu hayakuanza, mama! Mtoto yule sikumwona akiwa hai wala akiwa amefunikwa. Kwangu bafta imebaki kitambaa cha mifuko kwa sababu hakuna aliyeningoja nione kitu kingine. Halafu leo nimekosea kwa jambo ambalo sikuonyeshwa, na adhabu yangu ni kandambili kwenda uani.

Yule mzee wa Jinja, mtu baki, alidhani nanunua sanda, akanipa pole ya Salim bila kujua. Ninyi wa damu yangu hamkunipa. Nimelia juzi nikikumbuka alivyoinuka kunisindikiza.

Nimekwisha kusema. Nisamehe ukali, hujanizoea hivi. Nisamehe na bafta pia. Nakuomba msamaha wewe, na nimeshamwomba Rehema, yeye amenisamehe, na akasema anautaka mfarishi wake. Anasema anaogopa kukwambia.

Zimebaki siku kumi na mbili mtoto atoke arobaini. Sitakuja, tajiri hanipi ruhusa msimu huu wa sare, nimemwomba mpaka nimechoka. Kwa hiyo kitu pekee changu kitakachokuwa pale siku mtoto anatolewa nje ni mfarishi huo, na sikubali akatolewa kwa taulo la dukani huku kazi yangu imelala juu ya kabati pamoja na masufuria ya harusi. Nilishakosa kumzika wa kwanza. Huyu nataka kumfunika.

Fanya hivi, basi. Ushushe. Fumua bitana yote. Mishono ya pembeni nimeipiga kwa cherehani, ikate kwa wembe, usivute. Ile ya katikati ni ya mkono, inatoka yenyewe ukikata fundo, lakini anza pembeni na piga bandi, ile mishono mirefu ya kushikiza, kadiri unavyokwenda, pamba isije ikahama, tusirudie habari ya gunia la vitunguu. Halafu chini yake weka kanga yako. Namaanisha ile ya buluu uliyombebea Bakari, ukanibebea mimi, ukambebea Rehema. Najua umeiweka sandukuni. Najua hujawahi kukata kanga maishani mwako. Wala usiikate, ikunje mara mbili, inatosha kabisa, nimeshaipima kwa kichwa. Kisha rudisha mishono ya mkono. Ikienda mshazari haidhuru, iache ionekane ni ya bibi.

Bafta mkishaitoa msiitupe na msimpe mtu. Nirudishieni. Nitakaa nayo siku moja, nimlilie Salim nikiwa nimeshika kitu. Siku ya pili nitaikata mifuko ya suruali.

Nisalimie kaka Bakari, mwambie mwanawe akikua nitamshonea mwingine wenye pamba iliyotulia. Nisalimie shangazi, pamoja na yote aliyosema. Nisalimie mkweo Idi, mume wa Rehema, na umwambie mtoto huwa hakosi usingizi kwa kubebwa na baba yake, naye abebe. Rehema mbusu kwenye paji la uso. Mtoto usimbusu kwa niaba yangu, hiyo niachie mwenyewe nikija.

Barua hii anakuletea dereva wa lori, rafiki yake Hamidu, mpe chai. Ndani ya bahasha utakuta kipande cha kitenge kimekunjwa, kifungue polepole usijichome. Nimechomeka humo sindano kumi na mbili. Najua macho yako hayalioni tena tundu la sindano, na najua hutamwomba mtu, kwa hiyo nimeshazitunga uzi zote.

Ni mimi mwanao,
Zuhura