Mama Anauliza Nani Amekufa

Baba,

Mama yuko kwangu hapa Kitale. Tulimtoa Bungoma baada ya kukuzika, maana hangeachwa peke yake na jiko. Najua hukutaka atoke nyumbani, lakini si wewe ndiye ulikuwa unamchunga, na umeenda?

Kilichonisumbua ni nywele. Siku ya tatu baada ya mazishi tulinyolewa sote, jinsi desturi yetu inavyotaka, na Mama alikubali vizuri tu. Asubuhi iliyofuata akajishika kichwa, akashtuka: "Woi! Nani amekufa?" Nikamwambia. Akalia kama mtu anayepata habari mara ya kwanza. Kesho yake, vivyo hivyo. Baba, nimekuua kila asubuhi mpaka nimechoka.

Daktari alinieleza kwamba ubongo hauweki kumbukumbu zote pahali pamoja. Mambo mapya yanapokelewa na sehemu ndogo huko ndani, na ya Mama ndiyo imeharibika. Kazi ambazo mikono imezoea zinakaa kwingine. Ndiyo maana ukimpa uteo anapepeta maharagwe kunishinda, huku akiniita kwa jina la dada yake. Ungecheka, ungesema hata kabla hajaugua alikuwa anachanganya majina yetu.

Jumapili nikaamua, basi, sitamwambia tena. Alipouliza, nikasema umeenda Chwele kuangalia ng'ombe. Ulivyopenda soko lile! Unarudi jioni bila ng'ombe, umejaa hadithi. Mama akatulia, nami nikajipongeza.

Kabla ya chakula cha jioni nikamkuta amekaa kitandani, machozi yanamtoka. Nikamuuliza, "Mama, ni nini?"

"Sijui, mwanangu. Nasikia tu uchungu, na sijui ni wa nani."

Nilipompigia daktari, alisema hisia nazo zina njia zao kwa ubongo, zinaweza kubaki hata tukio lenyewe likisahaulika. Kumbe alikuwa anakulilia, Baba, na mimi ndiye nimemficha jina lako. Iliniuma sana.

Nikakaa kando yake, nikamwambia uchungu huo ni wako wewe, Baba, na kwamba tulikuzika vizuri. Nilingoja apige kelele. Akashusha pumzi ndefu, akanishika mkono. "Aa," akasema. "Basi ndiyo sababu."

Pumzika, Baba. Akiuliza tena nitamwambia, na sitatoka hapo mpaka amalize kulia.

Binti yako,
Nekesa