Mchoro Ulioandikwa Zima, Poza, Fungua

Mpendwa mshauri,

Nisaidie kabla sijapasuka, maana nyumbani hakuna wa kumwambia na kazini wameniambia nifunge mdomo. Mimi ni mchoraji katika ofisi inayotengeneza maelekezo ya mitambo, na siku hizi mafundi hawatuletei michoro, wanatuletea msimbo, yaani maandishi matupu yenye mishale, hiki kinaelekea kile, na juu kabisa kuna mstari mmoja unaotaja aina ya mchoro, kama ni hatua za kufuatwa na mtu au ni hali ambazo mtambo wenyewe unapitia, na kazi ya kutambua aina tumemwachia msaidizi wa akili bandia, unambandikia maandishi, anakutajia aina, anachora, unapeleka.

Basi ukaja msimbo wa mtambo wa kuchemshia mashuka ya hospitali kwa mvuke, nami nikaunakili harakaharaka nikauacha ule mstari wa juu, msaidizi akajibu kwamba unafanana na mchoro wa hatua lakini hana uhakika kwa kuwa mstari wa aina haupo, nimuulize fundi, na mimi, mshauri, nikalifuta lile onyo kwa sababu wateja hawapendi karatasi yenye wasiwasi. Kumbe ulikuwa mchoro wa hali. Ulikuwa unasema mtambo utabaki unapoa mpaka presha ifike sifuri, ndipo uwe tayari kufunguliwa, lakini ulipochorwa kama hatua yale masharti yakachukuliwa kuwa maelezo ya ziada, yakaachwa, yakabaki maneno makubwa ukutani: zima, poza, fungua.

Shemeji yangu, mume wa dada aliyenilea, ndiye anayeusimamia mtambo ule katika kiwanda cha kufulia. Alizima, akauacha upoe kidogo, akafungua. Mvuke ukampiga usoni na mikononi, jicho moja limepotea na la pili madaktari hawasemi kitu.

Sasa tunapokezana na dada kumlisha kwa kijiko hospitalini, na kinachoniua ni maneno yake mwenyewe, eti, "Shemeji, mimi nilifuata mchoro. Labda nilisoma vibaya." Dada naye anamkaripia mbele yangu, "Wewe na haraka zako! Hawa watoto sasa nani atawalea?" Nami niko pale nampangusa shemeji mdomo. Kiwanda kinasema ni uzembe wake na kinataka kumwachisha kazi, na msimamizi wangu ananiambia, "Iliyokosea ni kompyuta, na kompyuta haifungwi jela. Tulia, yatapita." Nikisema, kazi sina na dada sina, na huyo dada ndiye mama yangu, nikinyamaza shemeji atajilaumu mpaka kaburini, sasa nifanye nini?

Mimi, Mdogo wa Dada

*

Mdogo wa Dada,

Pole. Nimeshasema pole, sasa tuongee. Barua yako nimeisoma mara mbili, na mara ya pili nilikuwa natafuta kitu ambacho sikukiona. Nitakifikia.

Msimamizi wako anakudanganya mchana kweupe. Hiyo kompyuta ilikuambia haijui, ikakuomba uulize. Binadamu wangapi ofisini kwenu wana adabu hiyo? Simu moja kwa fundi ingetosha, ukaona taabu. Lakini usijibebeshe na ya wenzako. Ofisi inayotoa mchoro wa mtambo unaochemka bila mtu wa pili kuukagua ina lake la kujibu, na kiwanda vilevile.

Unaogopa kumpoteza dada. Mwanangu, huyo unayepokezana naye kijiko hakujui tena wewe ni nani. Huenda akakufukuza, huenda asikusamehe kabisa, na hiyo ni haki yake. Sikupaki mafuta kwa mgongo wa chupa. Ila kuna mtu amelala gizani akiamini hajui kusoma, na hilo ni wewe peke yako unayeweza kumwondolea. Mwambie hivi, dada akiwepo: "Ulisoma sawasawa. Mchoro ndio mbovu, na niliutoa mimi." Usilie kabla hujamaliza, wasije wakaanza kukubembeleza wewe.

Kisha chukua msimbo wa asili, wenye mstari wake wa juu, pamoja na jibu la msaidizi jinsi lilivyokuwa kabla hujalifuta, upeleke kwa wakaguzi wa usalama kazini na kwa chama cha wafanyakazi. Usimwombe kwanza msimamizi wako ruhusa. Hana ruhusa ya kukupa.

Sasa kile nilichokitafuta. Umenieleza jicho la shemeji, ukali wa dada, hofu yako ya kazi, na hakuna mahali uliponiambia kwamba ule mchoro umebanduliwa ukutani. Wagonjwa hawajaacha kuchafua mashuka. Kuna mtu mwingine amewekwa pale pa shemeji yako, naye anasoma vizuri tu. Ungenitajia kiwanda, ningewapigia mwenyewe siku ile ile barua ilipofika, kwa hiyo sijui ni mara ngapi mtambo ule umefunguliwa tangu ulipoandika mpaka leo unaponisoma.

Weka gazeti chini. Wapigie sasa hivi waubandue, halafu ndipo uende hospitali.