Gari Limeshawaka

Baba Watoto,

Ukirudi na fundi, chai iko kwenye chupa. Mpe, umwombe radhi kwa kumsumbua bure. Gari limeshawaka, nimempeleka mama yako kliniki.

Wiki nzima umelaumu betri. Ulipotoka umenuna, ukisema nisiguse kitu, nilifungua swichi ya gari kwa ufunguo nikatega sikio: pampu ya mafuta kimya kabisa. Nikachomoa relei ya honi, kile kiboksi cheusi cha umeme, nikaichomeka mahali pa ile ya pampu. Pampu ikanguruma, gari likawaka. Mama yako akapiga vigelegele!

~~Usimwambie fundi nani kalitengeneza.~~ Mwambie.

Nunueni relei nyingine, maana leo sina honi. Njiani nitapiga kelele kwa mdomo. Si unasema ndiyo kazi yangu?

Mkeo