Papa, Pua Yako Iliwaka

Papa mpendwa,

Nakuandikia nikiwa kwenye kiti chako hapa nyumbani Shituru, Likasi. Mbabula ya mama, lile jiko lake la makaa, bado iko jikoni na majivu yake ya zamani. Hakuna aliyethubutu kuyamwaga.

Unakumbuka nilivyokuwa pua yako? Asidi ya kiwandani ilikumalizia kunusa, hata siku mama alipounguza samaki wa ziwa Tshangalele ulikula na kusifu. Kabla ya chakula uliniita nije: "Kuya, nusa, uniambie." Nainamia chungu cha sombe, yale majani yetu ya muhogo, nakuambia kuko mafuta ya ngazi, yale ya mawese, kuko karanga, kitunguu kimezidi. Ndipo unakula. Siku moja nikakudanganya makusudi kwamba kuna nyama. Wee papa! Ulivyoitafuta nyama ile sahanini, mama alicheka mpaka machozi.

Kisha mama akafa. Matanga yakaisha, watu wakarudi kwao, na mchana mmoja ukainua kichwa.

"Mama yenu iko anapika sombe," ukasema. "Hamusikie harufu?"

Mbabula ilikuwa baridi. Kesho yake ukasema tena, na keshokutwa, kila jua lilipofika utosini. Uso wako uling'aa kwa furaha, na sisi tukaogopa. Tante Bea, dada yako, alisema wafu wanakuita: "Bafu banamuita, mutaona." Akaleta watu wa maombi. Wakakuwekea mikono kichwani, wakafunga jikoni kwa kufuli. Ukatutazama mmoja mmoja, ukanyamaza. Watu wakasema umepona. Umepona nini? Ulikuwa umechoka nao tu. Ukafa bila kumtaja mama tena, na hilo linaniuma mpaka leo.

Katika ugonjwa wako wa mwisho daktari alitoa kinyama kutoka juu ndani ya pua yako, nami nikakuomba kipande kwa ajili ya maabara yetu ya Lubumbashi. Ukacheka. "Kamata, mutoto wangu. Hii pua haiko na kazi tena."

Sasa sikiliza kazi yetu. Tunatafuta vipokezi vya harufu, vitu vidogo mno vinavyoidaka harufu ndani ya pua ya mtu. Tunatumia kingamwili, protini iliyotengenezwa kutafuta kipokezi kimoja tu. Ni kama mtu anayemtafuta ndugu yake sokoni: akimkuta, anamshika mkono, hamwachii. Tunaifungia rangi inayowaka kijani chini ya hadubini. Lakini nyama nyingine huwaka yenyewe, bila kushikwa na chochote. Ndiyo maana tunaandaa pia kipande cha pili, kisichotiwa kingamwili hiyo. Nacho kikiwaka, basi mwanga wote ni uongo.

Mkubwa wangu wa kazi aliniuliza kama nina moyo wa kuifanya mwenyewe. Nikamwambia ninao. Nilitaka kujua kama kweli ulinusa kitu, ili mtu asiseme tena kwamba kichwa chako kiliharibika.

Juma lililopita nikatazama. Kipande cha pili kilikuwa giza tupu, ndivyo inavyotakiwa. Kile chenye kingamwili nacho giza. Nikakisogeza, nikakisogeza, halafu, aa, papa! Kijani. Seli chache, zimebanana pembeni, zinawaka. Nilipiga kelele, maabara nzima ikageuka. Asidi haikumaliza yote. Mkubwa wangu akanikumbusha kwamba kuwaka kwa seli si ushahidi kwamba zilinusa, na ni kweli. Lakini pua yako haikuwa imekufa kama ulivyodhani.

Asubuhi ya leo nikapanda gari hadi hapa Likasi, nikamwita Tante nyumbani kwako nimwambie. Kusema kweli, nilitaka aone haya.

"Tante, papa hakuwa na wazimu. Pua yake ilikuwa inaishi."

Akatazama jikoni.

"Kama pua ilikuwa muzima," akasema, "basi nani alikuwa anapika?"

Akachukua kitenge chake akaondoka. Papa, kingamwili ya swali hilo haijatengenezwa. Nimekuja kukusafishia jina, jina limesafika, na sasa naogopa nyumba nilimozaliwa. Jua linakaribia utosini na niko peke yangu.

Pumzika, papa yangu. Nakupenda. Kama mko pamoja, mwambie mama simkatazi kuja. Ila apige hodi kwanza.

Binti yako